Nani Analipia Huduma za Watawa?

Mwaka 2015 masista wa Chipole, mkoani Ruvuma, walianza kuliuzia umeme shirika la umeme la Tanzania, Tanesco. Mtambo wao uko Tulila, kwenye Mto Ruvuma, na una uwezo wa megawati 5. Wakati huo Songea haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Mji uliwaka kwa majenereta ya dizeli, mafuta yakiletwa kwa malori kutoka mamia ya kilomita. Wenye mtambo ni Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, wanawake walioweka nadhiri ya ufukara, wa shirika lililoanzishwa mwaka 1938 na Abate-Askofu Gallus Steiger wa Peramiho. Wana kituo cha watoto yatima, shule, mashamba na mifugo, na sasa wana pia mkataba wa kibiashara na shirika la umma.

Kwa watu wengi sista ni mtu wa chekechea, zahanati au kwaya ya parokia. Sista anayejadiliana bei ya uniti za umeme anawashangaza, na wengine wanakwazika. Lakini katika mshangao huo ndimo lilimo suala zima la mashirika ya kitawa na huduma zao kwa jamii. Kwamba wamehudumia, hata wapinzani wao wanakiri. Kisichozungumzwa sana ni fedha: huduma hiyo imelipiwa na nani tangu ilipoanza, na mlipaji anapobadilika, anayehudumiwa naye hubadilika vipi?

Kwanza kuna vitu viwili ambavyo huchanganywa hata na Wakatoliki wenyewe. Jimbo liko chini ya askofu. Lina mipaka, parokia, vigango na jumuiya ndogo ndogo. Shirika la kitawa lina mkuu wake, awe abate, mama mkuu au mkuu wa kanda, lina katiba yake, na wanashirika wake huishi pamoja kwa nadhiri za useja, ufukara na utii. Mashirika mengine ni ya kijimbo, mengine ni ya haki ya kipapa na yanavuka mipaka ya nchi. Wamonaki kama Wabenediktini hufungamana na makao: mtu huingia abasia moja, na kwa kawaida huko ndiko anakozikwa. Wengine, kama Mapadri wa Roho Mtakatifu, huhamishwa kokote wanakohitajika.

Tofauti hii ina uzito wake kwenye vitabu vya hesabu. Hospitali ya jimbo inaweza kuendeshwa na masista wasioimiliki, na shule ya shirika inaweza kuwa ndani ya parokia bila paroko kuwa na kauli juu ya mapato yake. Ndiyo maana anayesema kwamba Kanisa lina pesa, au halina, hajasema lolote bado. Inabidi aulizwe: mfuko upi?

Nadhiri ya ufukara yenyewe ni mfumo wa uchumi. Mtawa anayefundisha au kutibu kwa mshahara huupeleka kwenye mfuko wa pamoja, na mfuko huo humlisha yeye, humsomesha mwenzake, humtunza aliyezeeka na kujenga darasa linalofuata. Mwaka 2019 dunia ilimwona mtu wa maisha hayo pale Bruda Peter Tabichi, Mfransisko wa Kenya, alipopokea jijini Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani yenye thamani ya dola milioni 1. Alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru, na asilimia 80 ya mshahara wake ilikwenda kwa wanafunzi na wanakijiji wenye shida. Mwalimu mwenye mke, watoto na mkopo wa nyumba hawezi kufanya hivyo, hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Mlipaji wa kwanza wa huduma hizi katika Afrika Mashariki alikuwa muumini wa Ulaya. Desemba 1860 Padri Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na mapadri na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Walifungua hospitali na karakana katika mji wa Kiislamu, chini ya Sultani Majid, ambako kuhubiri hadharani kusingewafikisha mbali. Dawa na ufundi vilipita palipokuwa pagumu kwa mahubiri. Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Anton Horner, walivuka na kuanzisha misheni Bagamoyo. Huko watoto waliokombolewa utumwani walilelewa, wakafundishwa kilimo, useremala na uhunzi, kisha wakaozeshwa na kupewa makazi katika kijiji cha Wakristo.

Simulizi za misheni zimeikumbuka Bagamoyo kama kisiwa cha uhuru. Mwanahistoria Paul Kollman, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005, ameonyesha upande wa pili: ratiba kali, kazi za shamba zisizo na hiari, na vijana waliotoroka au kugoma kwa sababu waliona wamebadilishiwa bwana tu. Pande zote mbili ni za kweli. Mtoto aliyenunuliwa sokoni kwa michango ya waumini wa Ufaransa aliokolewa kweli. Ila hakuulizwa alitaka kuishi vipi baada ya kuokolewa, na waliolipa walitarajia kusikia kwamba amekuwa Mkristo mwema mwenye jembe mkononi.

Huduma nyingine zilizaa matunda ambayo hayakuwa ya misheni tena. Mche wa kahawa uliopandwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu Kilimanjaro, hasa Kilema, ulienea vihambani mpaka ukawa uchumi wa Wachaga. Fedha za kahawa zikajenga shule, na shule zikawatoa watu walioiongoza nchi.

Kusini hali ilikuwa ngumu zaidi. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898, katikati ya nchi ya Wangoni, chini ya kivuli cha boma la Songea. Padri Franziskus Leuthner aliteketeza kibanda cha mizimu cha Nkosi (mtawala) Mputa Gama, kitendo ambacho hakikusahaulika. Vita vya Majimaji vilipolipuka, Askofu Cassian Spiss aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ilichomwa, na Leuthner akauawa. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea. Kabla ya kunyongwa, wengi wao walibatizwa na padri wa shirika lilelile.

Yeyote anayechambua huduma za watawa katika Ruvuma hana budi kuanzia hapo. Karibu na majivu hayo ndipo ilipojengwa hospitali ya Mtakatifu Yosefu, ambayo leo inapokea wagonjwa kutoka wilaya nyingi za kusini. Zilifuata karakana zilizotoa mafundi waashi, maseremala na makanika, na kiwanda cha uchapaji kilichochapa vitabu na gazeti la Mwenge. Wajukuu wa waliochoma misheni wamezaliwa katika wodi zake. Wenyeji hawakuwa wamekubali hoja ya mkoloni; walikuwa na wagonjwa wa kutibiwa na watoto wa kusomeshwa, na kwa miaka mingi hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha hodi.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyothibitisha kwamba kilichodumu ni kazi, hata watendaji walipoondoka. Waingereza waliwafukuza Wajerumani, na nafasi zao zikashikwa na mashirika ya mataifa mengine. Wakonsolata wa Italia waliingia Iringa mwaka 1919. Wakapuchini wa Uswisi walichukua Dar es Salaam na Mahenge mwaka 1921, na masista wa Baldegg wakaja nao. Kutoka hospitali yao ya Ifakara, katika bonde la Kilombero lililojaa mbu, kilizaliwa kitu ambacho hakikupangwa na mkuu yeyote wa shirika. Mwaka 1949 mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel alifika huko akitafuta mahali pa kuchunguza magonjwa ya kitropiki. Mwaka 1957 ilijengwa maabara, na maabara hiyo ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria na vyandarua. Haikuwa mali ya watawa. Iliegemea wagonjwa, barabara na imani ya wananchi ambavyo watawa walikuwa wamevijenga kwa zaidi ya robo karne.

Kukaa mahali pamoja kuna faida ambayo miradi ya miaka mitatu haina. Sista Irene Stefani, Mkonsolata wa Italia, aliwauguza wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, watu waliokufa kwa maelfu kwa kuhara na njaa bila hata kupiga risasi. Baadaye alikaa Gikondi, Nyeri, akizunguka kijiji kwa kijiji, mpaka akafa mwaka 1930 kwa ugonjwa alioupata akimuuguza mwalimu. Wakikuyu walimwita Nyaatha, mwenye huruma. Alipotangazwa Mwenyeheri mjini Nyeri, Mei 2015, umati uliofurika haukuja kwa sababu ya mradi wowote wenye jina lake.

Lakini wamisionari wa Ulaya walikuwa na kitu ambacho warithi wao hawakukipata: ndugu na parokia za nyumbani zilizowatumia marobota ya nguo, mashine na fedha.

Mashirika ya Kiafrika yalianza mapema. Bannabikira wa Uganda walianzishwa mwaka 1910, na Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro mwaka 1931. Chipole ikafuata mwaka 1938. Kwa wanaume, Hanga, karibu na Songea, ilianza mwaka 1957 kama makao ya wamonaki Waafrika na baadaye ikawa abasia yenye matawi ndani na nje ya Tanzania. Leo mashirika haya ndiyo yenye vijana, huku nyumba mama nyingi za Ulaya zikibaki na wazee wachache. Abasia za Peramiho na Ndanda, zilizoanzishwa na Wabenediktini wa Ujerumani, zenyewe sasa zinajazwa na Waafrika.

Mabadiliko hayo yana gharama isiyoonekana kwenye picha za nadhiri. Novisi wa Bavaria aliiaga familia ambayo haikumhitaji kwa ajili ya chakula. Novisi wa Mbinga au Rombo ameiacha familia iliyomsomesha kwa kuuza kahawa au ng'ombe, na wadogo zake wanatazamia kwamba "sista wetu" atasaidia ada. Yeye hana mshahara wake mwenyewe. Shirika nalo limerithi majengo makubwa yaliyojengwa kwa fedha za Ulaya, na kila mwaka mabati, mabomba na majenereta yake yanadai matengenezo. Mkono mtupu haulambwi, na shirika lisilo na chanzo cha mapato huishia kuandika barua za maombi kwa wafadhili mwaka mzima.

Kwa muda fulani ilionekana kwamba mlipaji mpya angekuwa serikali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya umma. Chuo cha Marian cha Morogoro, kilichofunguliwa na masista wa Maryknoll mwaka 1957, kikawa Kilakala. St. Mary's ya Tabora, alikowahi kufundisha Nyerere, ikawa Milambo. Lengo lilikuwa la haki: nafasi za sekondari zilikuwa chache na zilikuwa zimeegemea mikoa na dini zilizokuwa na misheni, na Waislamu walikuwa wameachwa nyuma. Oktoba 1970 Nyerere alizungumza na masista haohao wa Maryknoll huko New York. Aliwataka washiriki katika kupinga miundo inayowafanya watu kuwa maskini, la sivyo Kanisa litapoteza maana kwa watu hao. Lilikuwa jambo zito kuwaambia wanawake ambao nchi yake ilikuwa ikiichukua shule yao, na wengi wao walilipokea vizuri kuliko mgeni yeyote angetarajiwa kulipokea.

Kwenye afya njia ilikuwa tofauti. Wilaya isiyo na hospitali ya serikali ilipewa hospitali ya Kanisa kama hospitali teule, serikali ikichangia mishahara na uendeshaji. Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa mojawapo. Bugando ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za maaskofu, ilitaifishwa mwaka uliofuata, ikarudishwa kwa Kanisa mwaka 1985 kwa makubaliano ya kuendeshwa kwa ubia. Mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya maelewano na makanisa, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Viongozi wengi wa Kiislamu waliilalamikia hati hiyo, wakiiona kuwa njia ya kupeleka kodi za wote kwenye taasisi za dini moja. Watetezi walijibu kwamba wodi hizo hazimuulizi mgonjwa dini yake. Hoja zote mbili zingali hai, na zote zinataka jibu lilelile: hesabu zilizo wazi, zinazoonyesha shilingi ya umma imeingia wapi na imemtibu nani.

Miaka ya 1990 ilimleta mlipaji wa sasa, naye ni mzazi. Sekta binafsi ilipofunguliwa, mashirika yalirudi kwenye elimu kwa nguvu, hasa shule za bweni za wasichana. Marian ya Bagamoyo na St. Francis ya Mbeya zilizoeleka katika kumi bora za kidato cha nne kwa miaka mingi, mpaka Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza orodha hizo mwaka 2023. Nidhamu, maktaba, maabara, mwalimu aliyeko darasani kila siku: sababu za mafanikio zinajulikana. Bei nayo inajulikana. Tangu mwaka 2016 shule ya serikali haitozi ada hadi kidato cha nne, wakati ada ya shule nzuri ya watawa huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi kwa mwaka. Shirika lililoanzishwa kuwafundisha mabinti wa wakulima linajikuta likiwafundisha mabinti wa mawakili, wahandisi na wafanyabiashara.

Wakuu wa shule hujibu kwamba faida ya ada ndiyo inayolipia zahanati ya kijijini na kituo cha yatima. Katika mashirika mengi ni kweli. Hata hivyo mpango huo una hatari yake ya ndani. Sista bora wa fizikia hupelekwa penye ada, kwa kuwa asipokuwepo ufaulu hushuka na wazazi huondoka. Zahanati iliyo mwisho wa barabara ya vumbi hupata anayebaki. Polepole, bila mtu yeyote kuamua vibaya, kilichoanzishwa kuwachangia maskini kinakuwa ndicho kazi kuu, na maskini wanakuwa kipengele kwenye ripoti ya mwaka.

Yuko pia mlipaji wa nne asiyetajwa: masista wenyewe, kwa jasho lao. Wengi hufanya kazi katika parokia, seminari na nyumba za maaskofu kwa posho ndogo, mara nyingine bila mkataba wowote. Machi 2018 jarida la wanawake la L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikani, liliandika wazi juu ya watawa wanaowapikia na kuwafulia wakubwa wa Kanisa bila malipo ya haki. Februari 2019 Papa Fransisko alikiri hadharani kwamba kuna mapadri na maaskofu waliowadhulumu masista kingono. Shirika la kijimbo linalomtegemea askofu mmoja kwa kibali, kazi na fedha lina nafasi finyu ya kusema hapana. Ndiyo maana elimu ya masista ina uzito kuliko inavyodhaniwa: mhasibu mwenye cheti cha taifa, daktari na mwanasheria ndani ya shirika hubadilisha sauti ya mama mkuu anapokaa mezani.

Maisha ya pamoja nayo yana udhaifu wake. Machi 2021 katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padri Charles Kitima, alieleza kwamba zaidi ya mapadri 25 na masista 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili, wakiwa na matatizo ya kupumua. Wanaokula meza moja, kusali kikanisa kimoja na kuuguza wodi moja huambukizana haraka. Shirika linapompoteza muuguzi wa miaka thelathini halipotezi mfanyakazi tu, linapoteza pia mchangiaji wa mfuko.

Katika hali hiyo, mtambo wa Tulila haushangazi sana. Wabenediktini wamefuata daima kanuni ya kusali na kufanya kazi, na abasia tangu zamani imejilisha kwa shamba, zizi na karakana. Faida ya mapato kama ya umeme ni kwamba hayatoki kwa anayehudumiwa. Mlezi wa mtoto yatima halipi, mfadhili wa Ulaya haamui, na sista mwalimu habanwi kumfuata mwenye ada. Gridi ya taifa ilipofika Songea mwaka 2018 kupitia njia ya Makambako, biashara iliingia zama nyingine, kwani bei na mahitaji sasa hupangwa katika mfumo mpana. Mtambo huharibika, ukame huja, mikopo hudai. Ni biashara, na biashara inaweza kufilisika.

Si kila shirika lina mto wa kuuzia umeme. Wakonsolata huko Ikonda, Makete, juu ya milima yenye baridi ya Njombe, wamejenga hospitali inayowavuta wagonjwa kutoka mikoa ya mbali kwa sifa ya madaktari wake na gharama zinazovumilika, katika wilaya ambayo Ukimwi uliiacha na yatima wengi. Imetegemea sana marafiki wa Italia pamoja na wingi wa wagonjwa. Kama marafiki hao wakizeeka bila kurithiwa, sehemu yao itabidi ilipwe na mtu.

Jaribio lililo karibu zaidi ni bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge la Tanzania Novemba 2023. Ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, mkulima asiye na fedha taslimu ataingia hospitali ya misheni akiwa na anayemlipia, na hospitali hizo zitapata kitu ambacho zimekipata kwa nadra: malipo kwa ajili ya mgonjwa maskini yasiyotegemea hisani. Lakini mfuko wa bima hulipa kwa bei unayoipanga wenyewe, na hulipa baada ya huduma. Shirika lenye shamba, karakana au umeme linaweza kusubiri malipo yaliyochelewa huku wodi zikiendelea. Lisilo navyo litaanza kupunguza dawa, kisha wauguzi, kisha litawahamishia masista wake kwenye shule ya bweni, na mgonjwa wa kijijini atalijua hilo dirishani, atakapoandikiwa akanunue dawa duka la nje.